Sufuria Sita za Shukrani

Katika kijiji kile cha Paya watu hawakumwogopa polisi sana, kwa sababu polisi kwanza lazima atafutiwe mafuta ya pikipiki. Waliyemwogopa ni Prossy Adikini, mwenye ufunguo wa sufuria.

Ufunguo wenyewe ulining'inia shingoni mwake pamoja na rozari, na ukimtazama kwa haraka usingejua anasalia kipi. Ulifungua chumba kidogo cha matofali nyuma ya nyumba yake, na ndani ya chumba hicho mlikaa sufuria kumi na mbili kubwa za kikundi cha akina mama cha kuzikana, miiko mirefu kama mipini ya majembe, mapipa ya maji na maturubai mawili. Mtu akifa, sufuria hutoka kabla machozi hayajakauka. Bila sufuria hakuna matanga, maana waombolezaji wa huku hawaombolezi na njaa. Watalia saa moja, halafu mmoja atauliza mbona haoni moshi. Marehemu ambaye watu waliondoka kwake bila kula husemwa miaka kumi, na wajukuu wake huonyeshwa kidole sokoni.

Prossy hakuzaliwa hapo. Alizaliwa Molo, katika wilaya hiyo hiyo, akasoma mpaka darasa la saba, akapata karatasi nzuri. Karatasi hiyo baba yake aliwaonyesha wageni waliokuja kumposa, wajue kwamba wanachokichukua kinajua kusoma, na wageni wakaongeza ng'ombe mmoja. Huo ndio ulikuwa mwisho wa faida ya karatasi. Alikuwa na miaka kumi na sita, mume ana thelathini na tano. Hakuwa mume mbaya. Prossy mwenyewe akiulizwa husema, "Hakunipiga na hakunisikiliza." Alipofariki alimwachia watoto wanne, nyumba ya bati, na jirani ambaye ni mdogo wake, Oketcho, mwenyekiti wa kijiji na msimamizi wa ardhi yote ya ukoo, pamoja na kipande ambacho nyumba ya Prossy imesimama juu yake.

Tangu hapo Prossy amekuwa akienda Busia mara mbili kwa juma, anavuka kwa miguu hadi upande wa Kenya, ananunua omena, wale dagaa wa ziwani, na wakifika Paya wanaitwa mukene na bei imepanda. Huko mpakani ndiko alikojifunza Kiswahili cha kununulia, na akajifunza na jambo jingine, kwamba mtu akishataja bei yake kwa mdomo wake mbele ya watu, huna haja ya kubishana naye. Mshike hapo hapo kwenye neno lake.

Mwaka juzi lilikuja gari kutoka wilayani, likashusha bango, soda na maofisa watatu. Wakasema sheria ya nchi ya kukataza kuoza watoto ipo, lakini inakaa mbali, kwa hiyo kijiji kitunge ya kwake, na adhabu wachague wenyewe. Oketcho aliongoza kikao. Wanaume wakapendekeza faini ya mbuzi. Prossy akainua mkono.

"Huyo mbuzi atatoka wapi?"

"Kwa mzazi mkosaji," akasema Oketcho.

"Na mzazi mkosaji siku hiyo ana ng'ombe wangapi wa mahari zizini? Saba. Atatoa mbuzi mmoja na kutushukuru kwa huruma yetu. Hiyo si faini, shemeji. Hiyo ni kiingilio."

Ndipo kikaandikwa kifungu cha sita, kwa mwandiko wa Prossy: mzazi atakayemwoza mtoto asiyetimiza miaka kumi na minane, na yeyote atakayempikia, atakayemchotea maji, atakayemsemea mbele ya wageni au atakayekula chakula cha ndoa hiyo, siku ya msiba wake sufuria za kikundi hazitatoka. Wanaume walicheka. Mambo ya jikoni hayo, wakasema, wapeni wanawake kifungu chao, soda zinapata moto. Wakapitisha. Oketcho aligonga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukatokea upande wa pili, akapigwa picha ameishika ile karatasi kama mtu aliyekamata samaki. Kuisoma hakuisoma. Mwenyekiti hasomi, husomewa.

Sasa, juma la mwisho la likizo ya Septemba, siku ya Jumanne, Oketcho aliingia uani kwa Prossy na akakataa kiti. Mwanamume anayekataa kiti ana jambo la kuomba. Prossy alikuwa anamenya karanga na wenzake wawili wa kikundi.

"Mke wa kaka, nataka sufuria sita Jumamosi."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni sala ya shukrani tu."

"Sufuria sita." Prossy akapuliza maganda ya karanga. "Basi Mungu amefanya kitu kikubwa. Shukrani ya nini, shemeji?"

Oketcho alitazama paa, kana kwamba sababu ilikuwa imewekwa juu huko.

"Ya mtoto. Bridgit. Si amefika sekondari ya pili."

"Alifika mwezi wa pili. Shukrani ilikwama njiani?"

"Watu hujipanga, mke wa kaka."

"Kweli. Na wageni?"

"Wachache. Marafiki wa Busia, ng'ambo ya Kenya."

"Rudia hapo pa shukrani, shemeji, hawa wenzangu wasikie vizuri. Wasije wakapika mchuzi wa harusi kwenye sala."

Oketcho akarudia, kwa sauti ya mkutano: sala ya kumshukuru Mungu kwa masomo ya binti yake Bridgit. Wanawake wale wawili wakaitikia kwamba wamesikia. Akaondoka amenyoosha mgongo, maana alijua amewaweza.

Hakuwa amewaweza. Paya nzima ilijua habari za Tom. Tom alikuwa mtu wa kutoa mizigo forodhani, miaka thelathini na minne, na gari la pikapu, na tumbo ambalo lilianza kutangulia mbele yake. Oketcho hupeleka vitunguu Busia, na likizo ile alikwenda na Bridgit amsaidie kuuza. Tangu siku hiyo Tom akawa anamjazia Oketcho fomu zake bure, na kumnunulia chai, na kumwita mzee wangu. Oketcho alipiga mahesabu ya mwanamume mwenye vitunguu: binti atakaa shuleni miaka mingine minne, na katika miaka minne lolote linaweza kumpata, mimba ikiwa ya kwanza, na mkwe mwenye kujua karatasi za mpakani hapatikani kila mwaka. Kuhusu kifungu cha sita hakuwa na wasiwasi. Kifungu kilikataza ndoa. Hakuna mahali kilipokataza shukrani.

Jioni Bridgit alipita kwenye ua wa miba akaja kukaa jikoni kwa Prossy. Alikuwa na miaka kumi na sita, na mrefu kuliko baba yake tayari, jambo ambalo baba yake hakulipenda.

"Mama mkubwa, baba amesema Jumamosi nivae gomesi, kama mke wa mtu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema Jumatatu shule inafunguliwa."

"Huyo Tom umemwonaje?"

"Ananunua soda. Ananiuliza kama najua kupika omena. Nikamwambia najua aljebra."

"Akasema nini?"

"Akasema hiyo ataizoea." Bridgit aliokota kijiti akaanza kukivunja vipande. "Mama naye amelia jana usiku. Halafu leo asubuhi amechagua kuku wa kuchinja."

Prossy alimjua Nereah, mama wa Bridgit. Alikuwa mwanamke wa kulia kwanza na kutii baadaye, na wala hakuwa peke yake.

"Nikimnyima sufuria?" Prossy akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Atakodi Busia. Tom ana gari." Bridgit akatupa vipande motoni. "Na atakwambia urudi Molo. Nimemsikia akisema. Amesema ardhi haina jina lako."

Moto ulikuwa unakula ukuni wake taratibu. Mtoto alikuwa amesema kweli zote mbili: kunyima sufuria kungehamisha harusi tu, na kungemhamisha na Prossy.

"Basi simnyimi," Prossy akasema. "Nitampa sita alizoomba na mbili za nyongeza. Ile sare yako ya shule iko wapi?"

"Imechafuka."

"Ifue."

Inafaa mtu ajue jinsi posa inavyokwenda huku, la sivyo ataona Prossy alikuwa na wazimu. Wageni wa posa wakifika hukaa kimya kama waliofiwa. Hata kama ng'ombe wao analia uani, hawasemi kilichowaleta mpaka mzee wa nyumba awaulize: mmekuja na neno gani? Na kabla ya neno kuulizwa na kukubaliwa, hawali. Mgeni wa posa akila mapema, amejitoa mwenyewe. Kisha baba wa msichana hawezi kuwauliza kwa kinywa chake, maana atakuwa kama anayetembeza binti sokoni. Lazima mwingine amsemee. Katika ukoo wa Oketcho aliyeuliza swali hilo, kwa miaka arobaini, ni mzee Owor, mdogo wa baba yake.

Alhamisi Prossy alimpelekea mzee Owor mukene wa kikombe kimoja. Alimkuta anaota jua.

"Baba, nasikia Jumamosi unasimama."

"Oketcho ameniomba niwaulize wageni neno."

"Neno, kwenye shukrani?"

Mzee akatabasamu kwa meno mawili yaliyobaki. "Binti yangu, tusichimbuane."

"Sikuchimbui. Nimekuja kukusomea tu kifungu cha sita, macho yako najua yamechoka." Akamsomea polepole, na alipofika kwenye *atakayemsemea mbele ya wageni* akasoma mara mbili.

Mzee Owor alikuwa na miaka themanini na mitatu. Alitazama kaburi la mke wake, ambapo watu walikula siku nne kabla ya kuondoka.

"Na kama nilisahau tu, kwa uzee?"

"Wewe utasahau, baba. Kikundi hakisahau."

"Wangapi kwenye kikundi?"

"Sitini na wawili, na wote wana macho."

Mzee alikohoa, akakohoa tena, akashika koo kulichunguza. "Mimi kwa umri wangu," akasema, "sifanyi mzaha na sufuria." Ilipofika jioni, kijiji kizima kilijua kwamba mzee Owor amekaukiwa na sauti, na kwamba ugonjwa huo utachukua mpaka Jumapili.

Kutoka hapo Prossy alikwenda kwa katekista Ochen, ambaye kanisa lake lina kuta nne na paa la nusu. Hakumdanganya hata neno moja. Alimwambia mwenyekiti ana sala ya shukrani Jumamosi kwa ajili ya masomo ya binti yake, kwamba ameomba sufuria sita, na kwamba wageni kutoka Kenya wanakuja, nao hawaji mikono mitupu.

"Mbona mimi hakuniambia?" Ochen akauliza.

"Labda anaona haya. Unajua alivyo mnyenyekevu."

Ochen alifikiri kuhusu ile nusu ya paa ambayo haikuwepo. "Nitakuja na kwaya," akasema.

Jumamosi saa sita mchana pikapu ya Tom ikaingia. Ilibeba mtamba mweusi mwenye baka jeupe, mbuzi wawili, kreti za soda, na nyuma yake likaja gari jingine na wajomba. Mbele kabisa alikaa Wilkister, mama wa Tom, muuza mitumba wa Busia, mwanamke wa kitambaa kichwani na macho ya kupima. Walitarajia kukuta uwanja wenye wazee kumi. Walikuta watu mia mbili, kwaya yenye sare za bluu, na katekista aliyeshika kitabu.

"Mama, hii ni nini?" Tom akanong'ona.

"Nyamaza. Mgeni haulizi," mama yake akamjibu.

Wakaketi chini ya turubai, kimya, jinsi mila inavyotaka. Oketcho alikuwa amevaa koti na jasho. Alikuwa amemtafuta mzee Owor tangu asubuhi, na alipompata, mzee alionyesha koo kwa kidole na kutikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Akawaendea binamu zake wawili. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba mama mkwe wake ni mgonjwa mahututi, hivyo huu si wakati wa kugombana na sufuria. Wa pili hakutoa hata sababu. Alicheka tu na kuondoka.

Ochen akaanza. Wakasali. Wakaimba. Wakasali tena, kwa maana shukrani haina haraka. Kisha akafunga kitabu na kumgeukia mwenye nyumba.

"Mwenyekiti, simama utuambie. Unamshukuru Mungu kwa lipi?"

Oketcho akasimama. Wanawake wale wawili wa karanga walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wameweka mikono mapajani. Pembeni yao kikundi kizima. Mbali kidogo, chini ya turubai, mkwe aliyemtaka, na fomu zote alizomjazia.

"Namshukuru," akasema, "namshukuru kwa ajili ya binti yangu. Bridgit. Kwa masomo yake."

Vigelegele vilipasua uwanja. Ochen akaita, "Yuko wapi huyu mtoto wa baraka?" Bridgit akatoka nyumbani kwao. Hakuwa na gomesi. Alivaa sare ya shule, sketi ya kijani na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaa kama ubao, na soksi zimevutwa hadi magotini. Nyuma yake alitokea Nereah, ambaye ndiye aliyepiga hiyo pasi, akarudi ndani upesi kabla mume wake hajamtazama. Katika sare ile Bridgit hakuonekana hata hiyo kumi na sita yake.

Wilkister alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akainuka kwa utulivu, akasema anaomba maji ya kunywa, akaenda upande wa jikoni, ambako Prossy alikuwa anasimamia sufuria nane.

"Dada, salamu."

"Salamu, mama. Karibu."

"Yule mtoto ana miaka mingapi?"

"Alitimiza kumi na sita mwezi wa tatu."

"Sisi tuliambiwa ishirini." Wilkister akapokea kikombe, hakunywa. "Unaona yule mtamba? Kumvusha tulimfanyia karatasi za daktari wa mifugo. Zimeandikwa ana miezi ishirini, rangi yake, baka lake, kila kitu. Mtoto wa mtu hatukuuliza karatasi hata moja."

"Mtoto hapiti kwa daktari wa mifugo."

"Usinichekeshe, dada, nina hasira." Lakini mdomo ulimcheza kidogo. "Pale kwetu mtaani kuna mama, kijana wake alichukua wa kumi na sita. Baba wa msichana alikula ng'ombe, akacheza ngoma, wakakosana baadaye kidogo tu, akaenda yeye mwenyewe polisi. Kijana yuko ndani mpaka leo. Mama anapeleka sabuni kila mwezi. Na Tom ndiye huyu mmoja tu."

"Mmoja ni mchache wa kupelekea sabuni."

"Ndiyo nakwambia." Akaufikiria moshi. "Wewe ndiye uliyeleta kwaya?"

"Kwaya ilikuja kwenye shukrani, mama. Mwenye shukrani ni mwenyekiti."

Wilkister akanywa yale maji yote, akarudisha kikombe. "Nyinyi watu wa Paya," akasema, na hakumaliza.

Chakula kikaandaliwa. Wageni walipewa kwanza: ugali wa wimbi, wali, kuku wa Nereah. Sahani zikawekwa mbele yao, na hapo uwanja ukapoa. Kila mwenye akili alikuwa anajua sasa. Wageni wakikaa bila kula, wamekuja na posa, na mtu lazima awaulize neno, na atakayewauliza ajue atazikwaje. Wakila, ni wageni wa sala kama wengine. Wajomba waliweka mikono magotini. Tom alimtazama Oketcho. Oketcho alimtazama mzee Owor. Mzee Owor alitazama koo lake, kadiri mtu anavyoweza kutazama koo lake. Kuku akaanza kupoa. Nzi mmoja alitua kwenye wali na hakuna aliyemfukuza. Bridgit alikuwa bado amesimama mbele na sare yake, hakuna aliyemwambia akae, na mikono alikuwa ameificha nyuma.

Wilkister alinawa. Akakata tonge, akalichovya, akala. Akatafuna mpaka mwisho. Akachukua paja la kuku.

"Chakula kitamu," akasema kwa sauti ya kufika nyuma. "Kuleni, jamani, shukrani isipoe."

"Mathe," Tom akanong'ona, "unafanya nini?"

"Nakuokoa. Kula."

"Si tuliambiwa..."

"Kula, Tom."

Tom alikula. Wajomba wakala mmoja baada ya mwingine, na huyo wa mwisho aliongeza wali. Nereah, aliyekuwa anachungulia mlangoni, alikaa chini kwenye kizingiti.

Lakini Ochen, ambaye moyo wake ulikuwa kwenye paa, hakuwa amemaliza. Akasimama akasema sasa ni wakati wa sadaka, na kwamba ameona wageni wetu kutoka Kenya hawakuja mikono mitupu. Kwaya ikaanza kucheza kuelekea pikapu. Oketcho aliinua mkono, akaushusha. Angesema nini? Kwamba mtamba yule si sadaka? Basi ni nini? Tom naye alinyanyuka, mama yake akamvuta koti.

"Mama, ni ng'ombe mzima."

"Ng'ombe akienda kwa Mungu hakuna hakimu atakayeniuliza alikuwa wa nini. Shusha mmoja huyo. Mbuzi tunarudi nao. Mungu si mkwe, hatuhitaji kumaliza."

Ndivyo mtamba alivyoingia kanisani Paya, na paa likapata nusu yake ya pili. Ochen aliomba baraka juu ya kichwa cha Oketcho kwa dakika kumi na tano, akamtaja kama baba wa mfano. Watu wakapanga mstari kumshika mkono.

Jumapili jioni baba wa mfano alikuja kwa Prossy, na safari hii hakukataa kiti kwa sababu hakukiona.

"Umeniaibisha."

"Kwa lipi, shemeji? Tangu asubuhi nasikia unasifiwa."

"Unajua ninachosema."

"Sijui. Niambie. Nitawaita wale wenzangu nao wasikie."

Oketcho alitembea mpaka mlango wa chumba cha sufuria, akarudi. "Usisahau unakaa kwenye ardhi ya nani."

Hapo Prossy aliacha kutania, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa panamkosesha usingizi. "Ya kaka yako," akasema. "Tuliyempikia siku nne na sufuria hizi. Ukitaka kunitoa, nitoe. Nitazibeba nirudi nazo kwa kikundi, na kikundi kitamtafuta mwingine wa kuzitunza. Lakini watauliza nilitolewa kwa nini, na wewe itabidi useme."

Oketcho akaenda zake. Jumatatu asubuhi alitoa baiskeli ili mtoto wa kiume ampeleke Bridgit shule, lakini njiani watu wawili walimpongeza, na wa tatu akamwita mheshimiwa, hivyo akaamua kumpeleka mwenyewe, polepole, kwa njia inayopita sokoni.

Sifa ni kitu cha ajabu. Ikikaa kwa mtu majuma matatu inaanza kuwa na mizizi. Habari zilifika wilayani kwamba kuna mwenyekiti Paya aliyefanya sherehe kubwa kwa sababu binti yake anasoma, hata Wakenya wakatoa ng'ombe. Gari likarudi. Maofisa walimwomba aende Molo, ambako nao walikuwa wanatunga sheria yao, akawaeleze. Oketcho akaanza kusema "ile sheria yangu". Alimwambia Prossy, uso mkavu, kwamba wazo la sufuria lilimjia alfajiri moja akiwa anakamua. Prossy alimwambia ni wazo zuri. Mwanamume aliyeshindwa lazima alindwe usiku na mchana, lakini mwanamume anayedhani alishinda hujilinda mwenyewe.

Hotuba alimwachia Bridgit aandike, maana ana mwandiko na amesoma. Bridgit alikwenda kwa Prossy kunakili kifungu cha sita, akaketi mezani mpaka taa ikapungua mafuta.

"Mama mkubwa, mtu akiahidi mbele ya maofisa, anaweza kurudi nyuma?"

"Anaweza. Lakini itabidi arudi mbele ya watu wale wale."

Bridgit akaandika mstari mmoja zaidi, akakunja karatasi.

Molo walijaa. Prossy alikaa na wanawake wa kwao, wengine aliosoma nao, wengi wao waliolewa mwaka ule ule alioolewa yeye. Oketcho akapanda jukwaani na koti lake, akashika kipaza sauti kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine, kidole gumba kikifuata maneno. Alikuwa msomaji wa kidole. Msomaji wa namna hiyo huzijua sentensi zinakoelekea baada tu ya kufika. Alisoma kuhusu sheria, kuhusu sufuria, kuhusu wazo la alfajiri, watu wakacheka vizuri. Akageuza ukurasa.

"Na mimi mwenyewe," akasoma, "naahidi, mbele yenu na mbele ya maofisa wa wilaya, kwamba binti yangu, Bridgit, hataolewa, mpaka amalize, sekondari ya sita. Na nikivunja ahadi hii, siku ya msiba wangu, sufuria, zisitoke."

Uwanja uliinuka. Wanawake wa Molo walipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakapanda miti. Ofisa mwenye miwani alianza kuandika. Oketcho alisimama na mdomo wazi kidogo, kisha akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akausoma upya, polepole zaidi, kama mtu anayeonja mchuzi akitafuta ni nani aliyetia pilipili. Na kwa kuwa alikuwa hajaondoa kipaza sauti mdomoni, ahadi ikatoka mara ya pili, nzima, na watu wakaishangilia kuliko ile ya kwanza.